Mafungu Kumi ya Magunzi

Siku ile naikumbuka kwa upepo wake, mwanangu. Ni ule upepo wa baada ya mavuno hapa Ganako, unaoinua vumbi jekundu na kulitia hata kwenye chai, na mabua makavu yanachakarika shambani mchana kutwa mpaka mtu unashindwa kutulia. Ukikaa unataka kusimama. Ukisimama hujui unakwenda wapi. Mimi nilikuwa nimemaliza darasa la saba, sina shule nyingine ya kwenda, nimekaa uani napukuchua mahindi. Nilikuwa msichana wa aibu. Mgeni akibisha hodi, nakimbilia jikoni mpaka aondoke.

Nakuandikia haya kwa sababu ya jana. Mkono wangu si mwepesi, kwa hiyo nawe soma polepole. Jana nilikusikia ukibishana na mdogo wako kwenye tangi la maji. Ulisema mmechota ndoo nane, na alama za pembeni zinaonyesha mmetumia asilimia ishirini ya tangi. Ukabonyeza simu, ukamwambia, "Basi tangi lote ni kama ndoo kumi." Mdogo wako akakubali. Mimi nilikuwa ndani, nikaacha kukanda unga. Hesabu hiyohiyo niliwahi kuisikia nyumbani kwetu, kwenye simu kama hiyo yako, na nusura itufarakanishe na watu tunaoishi nao mpaka leo.

Baba yangu, yaani babu yako, alikuwa na rafiki wa Olbalbal, kule tambarare kavu chini ya milima ya kreta. Anaitwa Mzee Sabore. Walijuana siku lori la mahindi alilopanda Baba lilipoharibika kule, hakuna nyumba karibu, na mzee huyo akamchukua kwenye boma lake akamnywesha maziwa mpaka lori likapona. Baba alikuwa akisimulia kila mara, "Yule mtu hakuniuliza hata jina kabla sijashiba."

Sasa mwaka ule mvua iliikataa Olbalbal. Nyasi zikaisha, mabwawa yakabaki matope yaliyopasuka. Mzee Sabore akapiga simu, akaomba ng'ombe wake waje kula mabua yetu mpaka mvua irudi. Baba akajibu palepale, "Walete, olchore." Hilo ni neno lao la kumwita rafiki.

Simu ilipokatika, Mama akamtazama. "Wangapi?"

Baba akakuna kichwa. "Wakija tutawaona."

"Utawaona, ndiyo. Na Mama Safari atawaona."

Hapo Mama aligusa penyewe. Mama Safari ni jirani yetu wa upande wa chini, mjane, mpaka wetu naye ni mstari wa mkonge tu, wenye mapengo ambayo hata mbuzi anapita bila kuinama. Sisi mbaazi zetu tulikuwa tumeshavuna. Za kwake zilikuwa zile za kuchelewa, bado zimesimama, maganda mabichi. Ndizo alizozitegemea kula yeye na wajukuu wake mpaka msimu mwingine, maana mahindi yake yalikuwa yameliwa na tembo waliotoka msituni. Mabua yakitosha, ng'ombe hana shida na mtu. Yasipotosha, ng'ombe mwenye njaa hajui mkonge ni mpaka.

Asubuhi moja Lemayani, mtoto wa Mzee Sabore aliyesoma mpaka sekondari, akampigia Baba. Baba aliweka sauti kubwa, sote tukasikia.

"Shikamoo baba. Mzee ametangulia na wale dhaifu, wenye mimba na waliokonda. Leo watafika kwenu. Hao ni asilimia thelathini ya wote. Waliobaki nakuja nao mimi, tunazungukia Endulen, kesho jioni tutakuwa hapo."

"Karibuni sana," akasema Baba. "Karibuni wote." Akataka kuuliza jambo, mtandao ukakata. Tulipojaribu tena, simu haipatikani. Walikuwa wameshaingia milimani.

Mzee Sabore akafika kabla ya saa nne. Mtu mrefu, shuka limepauka kwa vumbi, ng'ombe wake mifupa tupu, wanatembea kama wanaojiuliza kila hatua. Mama alinituma nikatazame ni wangapi, ili tujue pa kuanzia. Nikaenda kwenye uzio, nikanyoosha kidole, nikaanza kuhesabu kwa sauti kama tulivyofundishwa shuleni. Nilipofika kwa yule wa mwisho, wa kumi na nane, nikahisi kitu kimegusa mkono wangu. Ilikuwa fimbo ya mzee. Hakunipiga. Alikiteremsha kidole changu taratibu mpaka kikatazama chini.

"Binti, hicho kidole kinatafuta nini?"

Nilitamani ardhi inimeze.

"Kwetu ng'ombe hanyooshewi kidole, wala idadi yake haitamkwi. Ukiitamka, unamwonyesha anayekuja kuwapunguza. Mtu anawajua ng'ombe wake kwa sura, kwa majina, kwa mama zao. Anawajua, halafu ananyamaza. Umesikia?"

"Ndiyo, babu. Shikamoo," nikasema, maana kwa woga nilikuwa nimesahau hata kumwamkia.

Akacheka kidogo, akaniwekea kiganja kichwani kama wanavyofanya kwa watoto wao. Nikakimbilia jikoni uso unawaka moto, na idadi yangu nimeibana mdomoni kama kaa la moto. Nikamnong'oneza kaka yangu Boay. Boay alikuwa dereva wa bodaboda pale Karatu mjini, mtu wa maneno mengi, simu haitoki mkononi.

"Kumi na nane, na asilimia thelathini. Ngoma ndogo hiyo," akasema, akabonyeza. Kumi na nane, kujumlisha, thelathini, alama ya asilimia. Akatuonyesha kioo. "Ishirini na tatu nukta nne."

"Hiyo nukta nne ndiyo nini?" Baba akauliza. "Mkia?"

Tukacheka sote. Hata Mama alicheka, na Mama hakuwa mtu wa kucheka asubuhi.

"Weka ishirini na nne," akasema Baba, "mkia upate mwenyewe." Nilimwona mabega yamemshuka kwa faraja. Ng'ombe ishirini na nne mabua yetu yangewatosha, na Mama Safari asingekuwa na la kusema. Baba na Boay wakaenda kufunga miti kuzunguka kipande cha chini, wanapiga mluzi.

Mimi nikarudi kwenye mahindi yangu. Nilikuwa napukuchua lakini vidole havitulii, upepo nao hautulii. Mchana Mzee Sabore akatembea mpaka kwenye ule uzio mpya, akautazama kwa muda mrefu.

"Na wale wengine watakula wapi, olchore?"

"Hapahapa," Baba akajibu. "Wote wanatosha."

"Wote," mzee akarudia. Akautazama mstari wa mkonge, akazitazama mbaazi za Mama Safari zinayumba upande wa pili. Akafungua mdomo, akaufunga. Kisha akarudi zake akakaa kwenye gogo karibu na mimi, fimbo magotini.

Baba hakuona kitu. Lakini mtu wa aibu, mwanangu, hana kazi nyingine ila kutazama nyuso za watu, na mimi niliuona uso ule. Ulikuwa uso wa mgeni aliyewekewa chakula kidogo, anaogopa kusema kwamba nyuma yake wanakuja wenzake. Kama angesema, ni kama anamdai mwenyeji. Na kama angesema wangapi, angevunja mwiko wake mwenyewe. Kwa hiyo alinyamaza, anasugua fimbo kwa kidole gumba.

Nikapukuchua hindi moja, nikaliacha. Nikasimama, nikakaa. Mwishowe nikasema bila kumtazama, "Babu, wanaokuja kesho ni wengi kuliko hawa?"

"Hawa ni wa mbele tu."

"Ni wangap..." Nikajiziba mdomo kwa kiganja. Mzee akageukia upande wa ng'ombe kama hakusikia.

Nikafikiri tena. "Lemayani alisema hawa ni asilimia thelathini."

"Hilo jina la shule. Ni nini?"

Nikatafuta namna ya kueleza. Mwalimu wetu alikuwa akisema asilimia ni katika kila mia. "Ni hivi, babu. Ukiwa na mia, unatoa thelathini. Ukiwa na kumi, unatoa tatu."

Akanyoosha vidole vitatu vya mkono wa kulia, akavitazama. Akaongeza vingine mpaka mikono yote miwili ikawa wazi mbele yake. "Tatu mbele," akasema polepole, "saba nyuma. Ndiyo. Ndivyo tulivyogawana kule bomani."

Saba nyuma! Neno hilo lilinichoma. Wale tuliowawekea nafasi nyuma walikuwa sita tu, ng'ombe sita. Na huyu anasema walioko nyuma ni zaidi ya mara mbili ya hawa ninaowaona.

Sikwenda kuwahesabu tena. Nilivuta kikapu cha magunzi, yale niliyokwisha kuyapukuchua, nikaanza kuyapanga chini, gunzi moja kwa kila ng'ombe niliyemwona asubuhi. Mzee akainama kutazama. Nikasita, nikidhani nimekosea tena.

"Endelea," akasema. "Gunzi si ng'ombe. Chini unaweza kutazama."

Nikayapanga mpaka yakatimia kumi na nane. Kisha nikajiuliza: kama hawa ni tatu katika kumi, basi hawa ni mafungu matatu. Nikayagawa mafungu matatu yaliyo sawa. Kila fungu likawa na magunzi sita. Hilo fungu moja ndilo nililokuwa nalitafuta bila kujua, asilimia kumi ya wote. Ukishalipata fungu moja, umeupata mlango.

Nikaanza kupanga fungu la nne, magunzi sita kama yale ya kwanza. Lilipokamilika nikasimama kidogo. Mafungu manne ni ishirini na nne. Hapo ndipo hesabu ya Boay ilipoishia, hapo ndipo uzio wa Baba ulipoishia. Nikapanga la tano. La sita. La saba, la nane, naona kikapu kinapungua na uani panajaa. Upepo ukasukuma gunzi moja, mzee akalirudisha kwa ncha ya fimbo. La tisa. La kumi.

"Basi," akasema Mzee Sabore. "Ndio hao."

Hakutaja idadi, nami sikuitaja. Tulikaa tunayatazama, na mimi niliiona sitini imelala chini kwenye vumbi, mwanangu, safu mbili za mafungu matano matano. Uzio wa ishirini na nne, na ng'ombe sitini.

Nikamwita Baba. Alikuja anajifuta jasho, Boay nyuma yake, na Mama akatoka jikoni. Nikaeleza kwa sauti ndogo mpaka Mama akaniambia nirudie. Hawa mafungu matatu ndio tuliowaona. Hili la nne ndilo tuliloliongeza. Haya sita hatukuyafikiria.

"Dogo, simu haikosei," Boay akasema.

"Haijakosea. Umeiuliza kitu kingine. Umechukua thelathini ya hawa tuliowaona, ukawaongezea. Lemayani alisema thelathini ya wote. Hao wote hatujawaona bado."

Boay akatazama simu, akatazama magunzi. "Aisee," akasema, na hakuongeza neno, jambo ambalo kwa Boay ni kubwa.

Baba akajaribu kumpigia Lemayani. Haipatikani. Akajaribu tena. Mzee Sabore akasimama.

"Olchore, usihangaike. Nitaondoka na hawa sasa, nitakutana na wale njiani, turudi."

"Mrudi wapi?" Baba akasema kwa ukali ambao sikuuzoea. "Hawa wako hawapandi hata kile kilima cha kanisani. Unataka wakafie mbele ya macho yako? Nilisema walete. Nilisema mwenyewe kwa mdomo wangu."

Mabua yakawa yanachakarika. Baba alikuwa anavuta masharubu, anatembea kutoka kwenye mafungu mpaka kwenye mkonge na kurudi. Ukiwaacha waje, kesho jioni mbaazi za mjane zinakwisha. Ukiwarudisha, wanakufa barabarani, na maziwa yale aliyokunywa Olbalbal yanakuwa aibu mpaka anaingia kaburini.

Mama ndiye aliyeinama, akaokota magunzi ya fungu moja, akayapima kwenye viganja. "Kumbe fungu moja si zito," akasema. "Ng'ombe hawa wachache nyumba moja haishindwi. Mafungu manne ni yetu. Tunatafuta nyumba sita." Akanigeukia. "Natalia, lete khanga. Utakwenda wewe."

"Mimi?"

"Ni nani mwingine anayejua kuyapanga? Boay akienda watu watadhani ni utani. Boay ataendesha tu."

Mwanangu, mimi niliyekuwa najificha jikoni, nilipanda nyuma ya pikipiki ya kaka yangu nimefunga magunzi kwenye khanga, yanagongana kila tukiruka shimo. Nyumba ya kwanza ilikuwa ya Mzee Tluway. Nilisimama mlangoni kwake nimekauka, nikaona maneno yote yamenikimbia. Basi nikapiga magoti, nikafungua khanga, nikapanga fungu moja mbele ya miguu yake.

"Hawa ndio wako, babu," nikasema. "Kila gunzi ni ng'ombe mmoja. Wanatoka Olbalbal, wana njaa. Kesho jioni."

Akacheka mpaka akakohoa. "Umekuja kunipa ng'ombe wa magunzi? Nilikuwa nacheza na hawa nikiwa mtoto!" Lakini aliwatazama, akavuta kiti, akauliza habari yote, na mwishowe akasema, "Waache hapo, nisije nikasahau. Mabua yangu yako kule nyuma. Mbolea itabaki kwangu, mwambie baba yako."

Wengine walikataa. Mmoja alikuwa ameshalima, mabua yako chini ya udongo. Mwingine alikuwa amemwahidi shemeji yake. Mama mmoja alinifukuza akidhani nauza kitu. Boay barabarani anapiga honi, "Vipi dogo, wamechukua?" Na mimi najibu kwa kutikisa khanga, asikie kama imepungua. Jua lilipokuwa linashuka, khanga ilikuwa nyepesi. Nyumba tano. Lilibaki fungu moja, na njia ya kurudi nyumbani inapita kwa Mama Safari.

Boay akazima pikipiki mbali kidogo. "Huyo mama siingii mimi. Mara ya mwisho alinikimbiza na mwiko."

Nikaenda peke yangu. Mama Safari alikuwa anachambua mboga.

"Karibu. Kuna ng'ombe kwenu."

"Ndiyo, mama."

"Ng'ombe akiingia kwenye mbaazi zangu, baba yako nitamfunga kamba mimi mwenyewe, nimwambie mwenyekiti aje amfungue."

Nikapanga magunzi yale sita chini. Sikujua nianzie wapi, nikaanzia pale palipokuwa pananiuma. Nikamwambia kwamba tulikosea hesabu, tulidhani ni wachache, ni wengi. Kwamba kesho wote wanafika na nyumba tano zimepokea. Kwamba hawa wa mwisho hawana pa kwenda, na wakikosa pa kwenda watakuja huku, kwenye mbaazi zake, na sisi hatutaweza kuwazuia. Kwamba nimekuja kumwambia kabla hayajatokea.

Akaacha mboga. "Ngoja nielewe. Unaniomba nimkaribishe mwizi alale kwangu?"

Machozi yalikuwa yananilenga. "Ndiyo, mama."

Wajukuu wake wawili walikuja wakachutama kuyachezea magunzi, akawazuia kwa mkono. "Msiguse. Hao ni ng'ombe wa watu." Kisha akanitazama. "Ng'ombe aliyefungwa uani kwangu, ameshiba, namwona kwa macho yangu. Huyo hataingia kwenye mbaazi. Anayeingia ni yule nisiyemwona. Nina mabua machache nyuma ya jiko, tembo waliyaacha. Yasipotosha, baba yako alete. Na maji utayachota wewe, si mimi. Mgongo wangu unajua umri wake."

Nilimchotea maji mpaka mvua iliporudi, mwanangu. Kila asubuhi.

Kesho yake jioni walifika. Tuliliona vumbi kwanza, halafu tukasikia kengele za shingoni. Lemayani alikuwa mbele, midomo imepasuka. Majirani walikuwa wamesimama kwenye mashamba yao yaliyovunwa, kila mmoja na magunzi yake mkononi au mfukoni. Mzee Sabore alikuwa anachagua kwa jina, anasema neno moja la Kimaasai, ng'ombe anatoka kwenye kundi, na mwenye nyumba anadondosha gunzi moja. Hakuna aliyehesabu kwa sauti. Hata Mzee Tluway, ambaye hajawahi kunyamaza, alinyamaza. Mimi nilikuwa nimekunja vidole vyangu vyote ndani ya khanga, nisije nikajisahau.

Mwisho tukafika kwa Mama Safari. Ng'ombe wakaingia uani kwake mmoja mmoja, yeye anadondosha gunzi. Kisha kundi likaisha. Njia ikabaki vumbi tu. Na mkononi mwa Mama Safari lilikuwa limebaki gunzi moja.

Watu wakanitazama. Boay akaja karibu, akasema chini chini, si kwa kunicheka, "Dogo, hesabu imekataa."

Nikafikiri labda tangu mwanzo nilikosea, labda asubuhi ile kidole changu kiliruka mmoja au kikamrudia mwingine, na watu wote hawa nimewasumbua kwa hesabu ya uongo. Nilianza kurudi nyuma nikimbilie nyumbani.

Mzee Sabore akaja taratibu. Akanyoosha mkono kwa Mama Safari, naye akampa lile gunzi. Mzee akaligeuza mara moja, akalitazama. Lemayani alikuwa amesimama nyuma yake, ameinamisha kichwa, anataka kusema. Mzee akamzuia kwa kiganja. Hakuhitaji kuambiwa. Alikuwa ameshajua tangu kundi lilipotokeza kwenye kona, nami nadhani alikuwa anatumaini amekosea.

"Hesabu yako iko sawa, binti," akaniambia. "Hili lina jina."

Akalitia ndani ya shuka lake, upande wa kifuani, akaenda kukaa na ng'ombe wake.

Baadaye Lemayani alitueleza kwamba ng'ombe mwekundu mwenye pembe moja alilala chini kwenye mteremko, akakataa kuinuka. Mama Safari akasikia, akaingia ndani, akatoka na kikombe cha uji, akampelekea mzee. Mimi nilisimama kwenye mkonge nikiwatazama. Upepo ulikuwa bado unavuma, lakini mabua yalikuwa yanaliwa, na ile sauti yake ilikuwa nyingine.

Ndiyo hayo, mwanangu. Sasa sikiliza ninachotaka.

Mtu akikupa kipande na asilimia yake, usiipachike asilimia juu ya kipande. Uliza kwanza: asilimia ya nini? Kipande ulichonacho mkononi hakijui ukubwa wa kitu kizima, ila kinaweza kukuongoza. Kigawe upate fungu moja, la asilimia kumi au la asilimia moja, lolote linalogawika vizuri, kisha panga mafungu hayo mpaka mia ikamilike. Ukichoka katikati, utajenga uzio wa ishirini na nne na wataingia sitini. Hiyo ndiyo hesabu.

Na kuna lingine, ambalo sikufundishwa na mwalimu. Anayekuja mlangoni kwako amekonda na amenyamaza, amekuonyesha tatu katika kumi. Saba ziko nyuma mlimani, na mtandao haupatikani. Usimlazimishe azitamke. Mwandalie nafasi. Na ukishindwa kumwandalia peke yako, usione aibu kubeba magunzi yako kwa majirani. Aibu yangu mimi iliisha siku ile, au tuseme ilipungua. Kwa asilimia ngapi, sijui.

Ndoo zako nane sijazisahau. Sitakuambia tangi ni ndoo ngapi. Kikapu cha magunzi kiko nyuma ya jiko, mchukue mdogo wako, mpange chini pamoja, na mkimaliza msije kunitajia. Nitapita nitazame mwenyewe.

Mungu akupe macho ya kuona kilicho nyuma ya kipande, mwanangu, na akupe majirani wenye nafasi uani kwao. Mifugo yako isikutoke njiani, na ikikutoka, awepo mtu wa kukuletea uji.